Laptopu haishiki Wi-Fi ya nyumbani: tafuta kwanza palipokatika

Kabla hujaifunga laptopu ukatoka nayo kwenda kwa fundi, jibu suali moja. Chukua simu, izime data yake ili isije ikatumia bando lake yenyewe ikakudanganya, simama nayo palepale ilipo laptopu, iunganishe na Wi-Fi ya nyumbani, kisha fungua ukurasa ambao hujapata kuufungua. Umefunguka au haukufunguka? Jawabu la hapo ndilo litakalokuonesha njia ya kushika, na wengi hawalitafuti.

Mimi nasomesha kompyuta skuli ya sekondari hapa mjini Unguja, na baada ya Laasiri majirani wa Mkunazini huniletea mashine zao. Nyingi hazina ugonjwa wowote. Linaloniuma ni kijana wa chuo anayekuja na laptopu iliyokwishapigwa window upya, kazi zake na picha zake zote zimefutika, na ukifuatilia unakuta rauta ya kwao, kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi, ilikuwa imeishiwa na bando tu. Kupiga window, yaani kuifuta mashine na kuitia Windows upya, ni dawa ya mwisho kabisa, na kwa tatizo la Wi-Fi ni nadra kuhitajika. Ndiyo maana nayaandika haya kwa urefu.

Mawasiliano ya nyumbani yana vipande viwili. Cha kwanza ni cha hewani, kutoka laptopu mpaka rauta. Cha pili ni kutoka rauta kwenda nje, kwa laini ya simu au kwa waya wa faiba. Kipande hicho cha pili simu na laptopu zinakitumia pamoja. Kwa hiyo simu ikikosa na laptopu ikikosa, iache laptopu, kaitazame rauta. Simu ikipata na laptopu ikakosa, iache rauta, shughulika na laptopu. Windows nayo hutoa dalili: pale chini kulia ukiona picha ya dunia, laptopu haina mtandao, ukibonyeza hapo ukaona jina la Wi-Fi yako na chini yake "No internet", basi imeshafika kwenye rauta na kilichokosekana kiko mbele zaidi.

Simu nayo imekosa

Nyumba nyingi hutumia rauta inayotiwa laini ya simu. Anza na bando. Ujumbe wa kwamba kifurushi kimekwisha huingia kwenye laini iliyomo ndani ya rauta, na humo hakuna anayeusoma. Itoe laini, itie kwenye simu, tazama salio kwa menyu ya kampuni yako, na usome ujumbe wote uliorundikana humo.

Wenye faiba watazame kile kisanduku kinachoingiwa na waya mwembamba kutoka nje. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika au umepindishwa vibaya mahali. Wapigie simu waliokufungia.

Bando lipo na hakuna taa nyekundu? Chomoa waya wa umeme wa rauta, hesabu mpaka thalathini, rudisha, kisha ipe dakika mbili tatu isimame vizuri. Usikichokoe kile kitundu cha nyuma kwa sindano. Watu hudhani ni cha kuzima na kuwasha. Kikibanwa kwa sekunde kumi hivi hufuta jina la Wi-Fi, neno la siri na maelekezo yote yaliyotiwa na kampuni, na nyumba nzima itakaa bila ya mtandao mpaka yatiwe upya.

Na kwa kuwa tumefika kwenye umeme. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na sote tuliokuwepo tunaikumbuka ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Siku hizi ukikatika haukai hivyo, lakini kule kurudi kwake ghafla ndiko kunakoziumiza adapta za rauta. Ukikatika, chomoa, ukirudi, ngoja kidogo ndipo uchomeke. Adapta iliyodhoofika hujulikana: taa zinawaka vizuri, lakini rauta inajizima na kujiwasha yenyewe kila baada ya muda, na kila mtu nyumbani anailaumu laptopu yake. Kabla hujanunua rauta mpya, jaribu adapta nyengine yenye volti zilezile zilizoandikwa kwenye rauta, na ampea zisizopungua zile.

Simu imepata, laptopu imekosa: kwanza isogeze

Ichukue laptopu uiweke mita mbili kutoka kwenye rauta, chumba kimoja, bila ya ukuta kati yao. Ikishika hapo na ikakataa chumbani, laptopu ni nzima na tatizo ni nyumba.

Hapa Mji Mkongwe hilo ndilo nikutanalo nalo kuliko yote. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta mmoja hufika nusu mita na zaidi. Tena vyumba ni vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti haziwezi kuvuka masafa makubwa, kiasi cha mita tatu hivi. Vyumba vikiwa vyembamba, kuta zinakuwa nyingi. Kutoka ukumbi wa mbele mpaka chumba cha nyuma mawimbi yanaweza kukata kuta tatu nne za namna hiyo. Ikija masika, chokaa inanyonya maji, na maji huyala mawimbi ya Wi-Fi, ndiyo maana kuna vyumba vinavyopata mtandao Januari na kuukosa Aprili.

Rauta nyingi za leo hutoa mawimbi ya aina mbili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 yana kasi, lakini ukuta mnene huyamaliza mapema. Ya 2.4 ni ya polepole zaidi, lakini hupenya. Ukiwa chumba cha mbali, chagua jina la 2.4 ukaridhike nalo. Halafu mpangie rauta mahali pake. Ukitaka mawimbi yaende mbali ndani ya nyumba ya mawe, yape milango na ngazi yapite, usiyalazimishe kuta. Rauta iliyowekwa juu kwenye ngazi, au kwenye dirisha linaloelekea uwa wa ndani, inafikia vyumba ambavyo ile ya ukumbini haivioni kabisa. Najua ukumbini ndipo penye kabati zuri la vyombo na soketi, na mama wa nyumba hapendi nyaya zikatize. Lakini nyuma ya vioo vya kabati, nyuma ya friji, au kando ya tangi la maji, rauta hiyo inafanya kazi bure. Na usiiweke jirani na maikrowevu: nayo hutumia mawimbi ya karibu na 2.4, kwa hiyo kila mtu akipasha chakula, mtandao unayumba.

Majumba ya Michenzani yana shida tofauti. Fleti ziko juu ya fleti, kila moja ina rauta yake, na baada ya Isha kila mtu yumo mtandaoni. Hapo laptopu inaona majina mengi na ishara ina nguvu, lakini haitulii. Mawimbi ya 2.4 yamegawanywa njia zenye namba, ziitwazo chaneli, na ambazo hazigongani ni 1, 6 na 11 tu. Ingia kwenye rauta kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari (anwani sahihi imeandikwa kwenye kibandiko cha chini ya rauta), tafuta sehemu ya Wi-Fi, hamisha chaneli katika hizo tatu, jaribu usiku mmoja kwa kila moja.

Kuna jambo la chaneli ambalo hata mafundi hulisahau. Laptopu nyingi tunazonunua ni za mtumba, na zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani mara nyingi hazisikilizi chaneli ya 12 na ya 13. Rauta ikijichagulia 13, simu zote nyumbani zitaiona na laptopu hiyo haitaliona hata jina. Mtu ataapa kuwa imekufa. Ihamishe rauta kwenye 1, 6 au 11, na jina litatokea.

Hata karibu na rauta, jina halionekani

Tazama kama Wi-Fi ya laptopu imewashwa. Kwenye safu ya juu ya kibodi kuna kitufe chenye picha ya ndege au ya antena, mara nyingi F2 au F12, na baadhi ya mashine hutaka ukibonyeze pamoja na Fn. Mtoto akichezea kibodi dakika moja tu anatosha kukizima. Laptopu za zamani zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni au mbele, isiyoonekana mpaka uipapase kwa kidole.

Kisha ianze upya kwa "Restart". Nasisitiza "Restart", kwa sababu kwenye Windows 10 na 11 ukiizima kwa kawaida mashine huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka, na kosa linaweza kulala nalo likaamka nalo. "Restart" huanza kila kitu upya.

Bado? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wa "Radio types supported". Ukiona 802.11b, g na n peke yake, bila ya 802.11a wala ac, laptopu yako haijui gigahezi 5. Jina la Wi-Fi linaloishia na 5G halitatokea kwako kamwe, na hakuna draiva (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa cha Wi-Fi) itakayolibadilisha hilo. Washa ile ya 2.4 kwenye rauta. (Hiyo 5G ya kwenye jina haihusiani na 5G ya simu, ni gigahezi 5 tu.)

Ukijibiwa kuwa hakuna kifaa cha Wi-Fi kabisa, au alama ya Wi-Fi imetoweka kwenye skrini, fungua dirisha lile la Windows na R, andika devmgmt.msc, ufungue "Network adapters". Kifaa chenye alama ya njano kina shida ya draiva. Bonyeza kulia, chagua "Uninstall device", lakini usitie alama kwenye kisanduku cha kufuta draiva yenyewe, kisha "Restart". Windows itaitafuta na kuirudisha. Ikiwa inataka draiva mpya na mtandao hauna, unganisha simu na laptopu kwa waya wa kuchajia, washa kwenye simu ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, na laptopu itapata mtandao kupitia waya. Watu wengi hawaijui njia hii, na ingewapunguzia safari ya sokoni Darajani. Draiva ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa namba ya modeli iliyo chini ya mashine. Zile programu zinazojitangaza kukutafutia draiva zote kwa mpigo, ziache.

Ikiwa kifaa hakimo kabisa kwenye orodha, huenda kadi ya Wi-Fi imelegea au imekufa. Hewa yetu ina chumvi ya bahari, na mashine iliyokaa miaka dirishani Malindi au Forodhani ukiifungua unaona kutu kwenye skrubu zake. Dalili nyengine ni laptopu inayoshika mtandao ukiwa umeigusisha na rauta tu: ndani ya kadi huingia nyaya mbili nyembamba za antena, aghlabu nyeusi na nyeupe, na ikichomoka moja masafa yanafupika sana. Hiyo ni kazi ya fundi. Kama hutaki kuifungua mashine, nunua kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB.

Inaona jina lakini inakataa kuingia

Hapa mara nyingi ni neno la siri. Lisome kwenye kibandiko herufi moja moja, tofautisha sifuri na O, moja na l, na bonyeza picha ya jicho uone unachoandika. Kama neno lilibadilishwa kwenye rauta, laptopu bado inapeleka la zamani: nenda kwenye orodha ya Wi-Fi ulizohifadhi, bonyeza jina, chagua "Forget", uanze tena kama mgeni.

Rauta mpya ikiingia nyumbani na laptopu ni ya siku nyingi, tazama aina ya ulinzi. WPA3 imetoka mwaka 2018, na laptopu ya kabla ya hapo inaweza isiijue. Kwenye rauta chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Usiiwache wazi bila ya neno la siri eti ili laptopu iingie. Mtaa mzima utaingia pamoja nayo na bando halitafika Ijumaa.

Vijirauta vidogo vya mfukoni vina ukomo wa vifaa, vingi ni kumi hivi. Siku ya Idi pili, wageni wote wameshapewa neno la siri, laptopu yako ndiyo itakayobaki nje. Zima Wi-Fi kwenye simu mbili tatu ujaribu tena kabla hujahukumu chochote.

Imeingia, lakini haifungui kitu

Hapa pana mambo manne, na la kwanza halihitaji ujuzi wowote: tazama tarehe.

Mtoto wa kaka yangu anasoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Alinipigia siku moja asubuhi, "Shangazi, Wi-Fi imeshika vizuri, lakini kila ukurasa unaniambia si salama, hata wa chuo." Nikamwambia, "Baba, hebu nisomee saa ya hapo chini." Akanisomea: Januari 2012. Betri ya laptopu yake ilikuwa imekufa zamani, inaishi kwa chaja, na usiku umeme ulikatika. Ndani ya mashine kuna betri nyengine ndogo ya duara kama sarafu, aghlabu CR2032 ya volti 3, inayoshikilia saa umeme ukiwa haupo. Nayo ilikuwa imekwisha. Kila tovuti salama huonesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika; laptopu iliyodhani iko 2012 iliviona vyeti vyote kuwa havijaanza, ikavikataa vyote. Akaweka tarehe kwa mkono, akachagua saa ya UTC+03:00, yenye jina la Nairobi, na kurasa zikafunguka palepale tukiwa tunazungumza. Baadaye akabadilishiwa ile betri ndogo. Kama mashine yako haina betri na mtaa wenu umeme hukatika, kila asubuhi anzia hapa.

La pili ni anwani. Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig. Chini ya Wi-Fi utaona "IPv4 Address". Ikianza na 169.254, rauta haikuipa laptopu anwani, na laptopu imejitungia yake ambayo haimpeleki mtu popote. Andika:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ikirudi na 192.168 na namba nyengine mbele, umepata. Isiporudi, zima rauta uiwashe, ujaribu tena.

La tatu, pima hatua kwa hatua. Andika ping 192.168.1.1, au anwani yoyote uliyoiona kwenye mstari wa "Default Gateway". Ikijibu, rauta inafikika. Kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni ya Google na iko nje. Ikijibu hiyo lakini ping google.com ikakataa, intaneti ipo na kilichoharibika ni ile huduma inayogeuza majina kuwa namba, yaani DNS. Andika ipconfig /flushdns. Haikusaidia, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi yako uweke DNS kwa mkono: 8.8.8.8, au 1.1.1.1 ya Cloudflare.

La nne ni VPN, programu inayoyapitisha mawasiliano yako yote kwenye kompyuta ya mtu mwengine kabla hayajafika kwenye tovuti. Vijana huitia ya bure, wakaisahau, na ikigoma inaziba njia yote. Izime au iondoe kabisa, na kwenye mipangilio ya mtandao hakikisha sehemu ya proksi ("Proxy"), ambayo nayo huyapitisha mawasiliano kwengine, haina kilichowashwa.

Yote yakishindikana, Windows ina "Network reset", ndani ya mipangilio ya mtandao, sehemu ya chini. Inafuta Wi-Fi zote ulizohifadhi na kuweka upya vifaa vya mtandao, lakini haigusi faili zako hata moja. Andika kwanza maneno ya siri unayoyahitaji, kisha ibonyeze. Hii ndiyo hatua ambayo ingefanywa badala ya kupiga window.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, usimwambie "haishiki Wi-Fi" ukanyamaza. Mwambie simu yako inapata au haipati, laptopu inashika karibu na rauta au haishiki, inaona majina mengine au haioni, na ipconfig imekuonesha namba gani. Ipeleke pamoja na chaja yake. Faili zako zitoe kwanza uziweke kwenye fleshi ibaki nyumbani, na umwambie mbele ya macho yake kuwa isipigwe window bila ya wewe kupigiwa simu.